Mama wa Waziri Mkuu Agoma Kufa

Muuza tofu wa mtaani kwetu amenigomea tangu toleo lililopita. Anasema mwandishi anayemwacha mama wa watu langoni mwa kasri wiki nzima, kwenye upepo huu wa Beijing, hastahili kula. Nimesalimu amri. Twende langoni upesi, kabla hajanikatia na maziwa ya soya.

Kwa aliyechelewa kuingia, namsaidia mara moja tu. Pang Yanzhi, msomi wa Shaoxing, alifeli mtihani wa serikali mpaka ndevu zikaota mvi, kisha akafaulu, akapewa kazi ya kukung'uta vumbi kwenye vitabu vya Mfalme. Kazi ya amani. Tatizo ni kwamba nasaba ilikuwa imeoza, waasi walikuwa wanakula nchi kutoka magharibi, na Mawaziri Wakuu walikuwa wanakatwa vichwa kama vitunguu. Huyu alikatwa kwa sababu mji umetekwa, yule kwa sababu ya nzige.

Wakubwa waliobaki wakaanza kufiwa na wazazi. Ghafla, wote! Sheria yetu unaijua: afisa akifiwa na baba au mama, huvua kofia ya kazi akarudi kwao kukaa matanga karibu miaka mitatu, na hakuna wa kumgusa. Mfalme alipogeuka huku na huku akitafuta Waziri Mkuu mpya, akamwona mtu mmoja tu ambaye hajafiwa, ameshika brashi ya manyoya. Asubuhi Pang alikuwa mkung'uta vumbi. Mchana alikuwa Waziri Mkuu.

Mji mwingine ukatekwa. Pang akahisi baridi shingoni. Baba yake alikwisha kufa zamani, huo msiba ulikuwa umeshatumika. Alibaki na mama, na mama alikuwa na afya ya nyumbu. Ndipo Pang alipoingia barazani na nguo za katani, zile za msiba, akaanguka kifudifudi, akalia kwa sauti kwamba mama yake amefariki. Mfalme naye akalia. Pang akatoka nje ya kasri akiwa na ruhusa ya kwenda matanga, kichwa kikiwa bado mahali pake.

Na pale langoni akaisikia ile sauti.

"Kijibwa! Kijibwa wangu yuko wapi?"

Askari wa lango walikuwa wameinama wakitafuta chini.

"Bibi, hapa mbwa hawaruhusiwi."

"Mbwa mwenyewe! Kijibwa ni Waziri Mkuu! Ndilo jina lake la utotoni, alipewa jina baya ili mapepo wasimtamani. Hebu sogea, jitu zima limesimama njiani kama mlango."

"Mama!" Neno lilimtoka Pang kabla hajalifikiria.

Kando yake alikuwapo Que, mkuu wa matowashi wa kasri, aliyekuwa anamsindikiza kwa kumpa pole. Que akasimama. Ni mtu mnene, mwenye sauti laini, na kila anayemjua huiogopa sauti hiyo kuliko kelele za mnyongaji.

"Mama nani?" akauliza Que.

"Mama..." Pang alitafuta la kuongeza. "Mama mdogo! Mama mdogo, mdogo wake marehemu. Amekuja kwa ajili ya msiba."

Bi Ruan, maana ndilo jina la yule mama, aliweka chini kapu lake la mboga za haradali zilizokaushwa.

"Mdogo? Mimi nimekuwa mdogo tangu lini? Na marehemu ni nani?"

Pang alimrukia, akamkumbatia, akaufukia uso wake kwenye nguo za katani.

"Hajaambiwa!" akalia. "Maskini, hajui kama dada yake ametutoka! Jikaze, mama mdogo!"

"Dada gani? Mimi kwetu nilizaliwa peke y..." Mengine yaliishia kwenye katani.

"Uchungu huanza hivyo," alisema Que, akafuta jicho lililokuwa kavu. "Kwanza mtu hukataa. Mpeleke nyumbani, Mheshimiwa. Mpe chai ya tangawizi."

Pang alimsukumia mama yake ndani ya machela kama gunia la mpunga, akawaambia wabebaji wakimbie.

Njiani hapakuwa na nafasi ya kueleza, maana mama ndiye aliyekuwa anaongea. Aliongea kuhusu mashua iliyomleta kwa ule mfereji mrefu, na jinsi alivyotapika safari nzima. Aliongea kuhusu majirani waliokufa kwa wivu, na kuhusu taji. Hasa taji. Mama wa afisa wa daraja la kwanza hupewa taji la kasri, lenye ndege wa dhahabu, na cheo cha Bibi Mtukufu. Alikuwa mjane tangu Kijibwa hajaota meno ya pili, akasuka mikeka mpaka vidole vikapinda, na kila mkeka alikuwa anaufikiria ule ndege wa dhahabu.

"Nimekuja kulichukua mwenyewe," alisema. "Sitaki waniletee. Watalibonyeza."

Kisha machela ikasimama, na Bi Ruan akaona taa nyeupe zimetundikwa mlangoni kwa mwanawe.

"Kuna msiba hapa? Amekufa nani?"

Aliingia bila kungoja jibu. Ukumbini udi ulikuwa unafuka. Mke wa Pang, Cuihe, alikuwa amepiga magoti kwa nguo nyeupe mbele ya kibao cha mbao chenye jina la marehemu, anajizoeza kulia. Alisikia nyayo, akageuka, akamwona mama mkwe wake amesimama kizingitini.

Cuihe alipiga ukelele uliomwamsha paka wa jirani.

"Mama, kula! Chakula tumekuwekea! Kula urudi kwa amani, usitudhuru!"

Bi Ruan alitazama kibao. Hajui kusoma, lakini jina lake analijua kwa umbo. Akatazama udi. Akatazama sahani ya chakula cha marehemu. Sura yake ilibadilika polepole, na Pang akafumba macho kungoja kofi.

"Bata nusu," alisema Bi Ruan.

"Mama, naomba nieleze..."

"Mimi naheshimiwa kwa bata nusu? Nusu nyingine iko wapi?"

"Tulikula mchana, mama," alisema Cuihe kwa sauti ndogo.

"Mliila! Sijapoa hata kaburini, mmeshanigawa!" Aligeukia kona nyingine. "Na hiki ni kitambaa cha nani? Kina kiraka! Nimekufa mama wa Waziri Mkuu au mama wa muuza ndoo? Mke wa fundi viatu kule kwetu alipokufa, tarumbeta zilipigwa mpaka bata wa kijiji wakahama!"

Kisha akakaa kwenye kigoda, mbele ya jina lake mwenyewe.

"Umeniua, Kijibwa," alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha. "Nimetapika njia nzima nije nikuone. Kumbe umeshaniua."

Pang alipiga magoti mbele yake. Alikuwa ameandaa maneno ya kisomi, yote yakamkimbia.

"Mama, usipokufa wewe, nakufa mimi."

"Unakufa na nini? Una homa?"

"Nina cheo."

Akamweleza. Bi Ruan alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Aliyekutangulia yuko wapi?"

"Kichwa kiko juu ya lango la magharibi."

"Na aliyemtangulia huyo?"

"Pembeni yake."

Bi Ruan aliunyoosha mkono wake wa vidole vilivyopinda, akamshika mwanawe shingoni, nyuma, pale pale, kama anayepima nyama sokoni.

"Mbona hukuniandikia?" alisema. "Ningekufa vizuri zaidi kuliko hivi. Ningeugua kwanza, majirani wangeniona. Wewe umefanya mambo kwa haraka, kama kawaida yako."

Ndiyo, msomaji, nilimpenda mama yule hapo. Subiri, utaona nilivyomchukia baadaye.

Walikuwa bado wanafutana machozi mlango ulipogongwa. Towashi Que aliingia, nyuma yake watu wawili wamebeba sanduku jekundu, na mkononi ameshika amri ya Mfalme. Wote wakapiga magoti. Bi Ruan akapiga magoti kando ya kibao chake, akajifanya anamlilia dada.

Que alisoma kwa sauti yake laini:

"Mfalme amesikia msiba wa Waziri Pang, na chakula hakimshuki. Marehemu anapewa cheo cha Bibi Mtukufu wa Daraja la Kwanza, pamoja na taji."

"Haaa," alisema Bi Ruan, akaziba mdomo.

"Tena Mfalme anasema hivi. Nchi nayo ni mama wa watu wote. Pang alikuwa na mama wawili, mmoja amekwisha kufa na wa pili yuko mahututi. Amwache aliyekufa, amhudumie anayekufa. Matanga hayapo. Kesho alfajiri awe kazini."

Pang aliinua kichwa. Je, umeiona hasara yake? Amemuua mama, na kazi bado anayo! Ameongeza kosa juu ya balaa, na faida hakuna.

"Shukuru," alinong'ona Que.

"Nashukuru," alisema Pang, sauti kama ya mtu anayemeza mfupa.

Que alifungua sanduku, akatoa taji, akaliweka mbele ya kibao. Vito vilitikisika. Ndege wa dhahabu alikuwa na macho mekundu. Que akachukua udi, akafumba macho, akainama kwa heshima mbele ya marehemu, taratibu kama desturi inavyotaka.

Alipofumbua macho, taji halikuwapo.

Bi Ruan alikuwa amesimama dirishani, anajitazama kwenye beseni la maji. Ndege wa dhahabu alikuwa juu ya kichwa chake.

"Linabana kidogo hapa sikioni," alisema. "Lakini litazoea."

"Mama mdogo," alisema Que, taratibu sana. "Hilo ni la marehemu."

"Najua. Nimelingoja tangu baba yake Kijibwa afe."

Cuihe aliacha kulia kwa ajili ya desturi, akaanza kulia kwa kweli. Pang aliganda. Que alivuta kigoda, akakaa, akakunja mikono yake minene juu ya tumbo.

"Ajabu," alisema. "Marehemu na mdogo wake wana kichwa kimoja, matumaini mamoja, na mume mmoja."

"Mheshimiwa..." alianza Pang.

"Wewe ni msomi, Waziri. Nisaidie mimi nisiyesoma. Mtu anayemzushia mzazi wake kifo, sheria inamwitaje?"

Pang alijibu kama mwanafunzi. "Ni moja ya yale makosa makuu kumi. Hayana msamaha."

"Adhabu?"

"Kichwa."

"Na anayemdanganya Mfalme?"

"Kichwa."

"Sasa una vichwa vingapi?"

"Anacho kimoja," alisema Bi Ruan, "na nilikitengeneza mimi, kwa hiyo usikiguse."

Alisogea, taji likilialia, akasimama kati ya towashi na mwanawe.

"Huyu hakuzusha kitu. Aliyezusha ni mimi. Nilimtuma mtu aje amwambie kwamba nimekufa."

Que alipepesa macho. "Kwa nini?"

"Nione kama atalia."

Pang alimtazama mama yake kwa mshangao wa wazi kabisa, na mshangao huo ndio uliomwokoa, maana hakuna mtu angeweza kuuigiza.

"Mtoto akiwa mkubwa serikalini, mama anajuaje kama bado anapendwa?" aliendelea Bi Ruan. "Anatuma nguo, anatuma chai. Nguo na chai hata karani anaweza kutuma. Nikasema, hebu nife kidogo. Sheria yako inasema mtoto akimzushia mzazi. Inasema nini mzazi akijizushia mwenyewe?"

Que alifikiri. Aligeuza jambo lile kichwani mwake pande zote.

"Haisemi kitu," alikiri.

"Basi."

"Lakini kule langoni alikuita mama mdogo."

"Ulitaka aniite nani? Mtu katoka kulia msiba wangu, mimi huyo nimesimama langoni na kapu. Wewe ungemwona marehemu anauliza njia, ungekumbuka hata jina lako?"

Tumbo la Que lilianza kutikisika. Alikuwa anacheka, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwona akicheka pasipo mtu kuumia.

"Na je, alilia?" Bi Ruan aliuliza. "Wewe ulikuwapo. Niambie ukweli."

"Alilia, bibi. Alilia mpaka Mfalme naye akalia."

"Ahaa." Bi Ruan alimgeukia mwanawe, na macho yake yalikuwa yamejaa. Uongo ulikuwa uongo, lakini hilo alikuwa ametaka kulijua kweli. "Basi nimeridhika."

Que aliondoka na habari. Hakukawia kurudi. Alirudi na machela mbili za kasri na neno moja: Mfalme anataka kumwona mama huyo, sasa hivi, pamoja na mwanawe.

Hapo ndipo Cuihe, aliyekuwa kimya na bata wake nusu, alipoonyesha kwamba kichwa cha nyumba ile hakikuwa cha msomi.

"Tumepona kosa la uongo," alisema. "Cheo bado kipo, na cheo ndicho kinachoua. Lakini mume wangu, waziri mwovu hukatwa. Waziri mzembe hukatwa. Waziri mjinga wanamfanya nini?"

Pang alifikiri. "Anarudishwa kwao na mkeka wake. Wanasema ni kosa la aliyemteua, na aliyemteua hakatwi."

"Mfalme akimuuliza mama habari zako, mama aseme wewe ni mjinga. Nani atabisha? Mama mzazi huyo!"

Walimwingiza Bi Ruan kwenye machela, na Pang akabanana naye humo humo kumfundisha.

"Mama, ni neno moja tu. Sema: mwanangu ni mjinga."

"Mwanangu ni m... mpole."

"Mjinga, mama."

"Mwanangu ni mj... mjuzi."

"Mama! Kichwa changu!"

"Sasa nifanyeje? Hilo neno sijawahi kulisema! Watu wakilisema dukani kuhusu wewe, nilikuwa narudisha bidhaa!"

Walipita soko la kuku, wakapita mnara wa ngoma, na yeye anakwama pale pale kwenye ile mj. Karibu na daraja la kasri akafumba macho, akashika mkono wa mwanawe, akalitema: "Mwanangu ni mjinga." Kisha akalia kana kwamba ameitukana mizimu yote ya ukoo. Pang akambusu vidole vile vilivyopinda, akamwambia amefanya vizuri, alirudie hivyo hivyo mbele ya Mfalme, na kesho kutwa watakuwa kwenye mashua wanarudi Shaoxing kula mboga za haradali.

Wakaingia barazani.

Mfalme wetu alikuwa kijana mwembamba aliyetafuna kucha mpaka vidole vikawa vyekundu. Kulia kwake alisimama Kou, Waziri wa Vita, mwenye mabega mapana na nguo zisizowahi kuona tope. Ndiye aliyekuwa anapoteza miji. Ndiye pia aliyekuwa anahakikisha kila mji uliopotea unaangukia kichwa cha mtu mwingine.

"Inuka, mama," alisema Mfalme. "Hilo taji limekukaa vizuri."

"Linabana sikioni, Mtukufu, lakini ahsante."

Mfalme nusura atabasamu.

"Mama, mimi naishi na waongo. Kila siku wananiambia nchi ni shwari, mpaka moshi unaingia dirishani. Nimechoka kuwauliza hawa. Nakuuliza wewe uliyemlea. Mwanao anaiweza kazi hii? Niambie kweli, sitakasirika. Kama haiwezi, nitamrudisha kwenu salama, na wewe utabaki na taji lako."

Umesikia? Salama! Na taji juu! Pang, kifudifudi sakafuni, alifumba macho, akaanza kuionja mboga ya haradali.

"Mwanangu, Mtukufu Mfalme," alianza Bi Ruan, "mwanangu ni mj..."

Baraza lote likangoja.

"Ni mj..."

"Sema, mama," alinong'ona Pang kwenye vigae. "Sema tu."

"Ni mj..."

Na angesema! Nakuapia angesema, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini Kou akacheka.

"Mtukufu, bibi anaona haya, nimsaidie. Anataka kusema mjinga. Hata mama yake mzazi anajua! Mtu wa kukung'uta vumbi, mjinga, mtoto wa mjinga."

Bi Ruan alifunga mdomo. Aligeuka polepole, na ndege wa dhahabu akageuka naye.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Waziri wa Vita."

"Vita gani ulivyoshinda?"

Mfalme alisogea mbele kwenye kiti chake.

"Nauliza tu," alisema Bi Ruan. "Mimi ni msuka mikeka, sijui mambo. Msuka mikeka tunamuuliza, mkeka uko wapi? Wewe vita vyako viko wapi?"

"Mama," alisema Pang kutoka sakafuni. "Mama, tafadhali."

"Nyamaza, Kijibwa! Anasema mjinga! Nani mjinga? Mwanangu amesoma vitabu ambavyo huyu angevikalia! Nyinyi hapa mnamtumia kama brashi, hamjui mlicho nacho! Alipokuwa na miaka saba, watu wa kijiji cha juu walikuja na marungu kutunyang'anya maji ya mashamba. Wanaume wetu, wenye mabega kama ya huyu, wakajificha kwenye mabanda. Nani alitoka? Kijibwa! Peke yake! Akasimama njiani, akaongea nao, akaongea, akaongea, mpaka wakaondoka wenyewe!"

Pang aliikumbuka siku ile vizuri. Alikuwa ametoka kutafuta kiatu chake. Wale watu waliondoka kwa sababu mvua ilianza kunyesha na maji hayakuwa na haja tena ya kugombewa.

"Bila upanga?" aliuliza Mfalme, na sauti yake ilikuwa ya ajabu.

"Upanga wa nini? Ana mdomo!"

Mfalme alisimama. Kwa muda mrefu hakuna aliyeuona uso ule ukiwa na mwanga.

"Hazina ni tupu," alisema. "Jeshi halijalipwa, na jeshi lisilolipwa limeenda kujiunga na waasi. Sina kitu cha kuwapelekea. Lakini mdomo hauli posho, wala hauhitaji farasi. Waziri Pang! Utakwenda kwenye kambi ya waasi. Utaongea nao mpaka waondoke."

"Nani atafuatana nami, Mtukufu?" aliuliza Pang kwa sauti isiyo na damu.

"Siku ile ulipokuwa na miaka saba, nani alifuatana nawe?"

Kou aliinama sana, kuficha furaha yake. Pang aligeuza uso, akamtazama mama yake. Mama alikuwa bado anameremeta kwa fahari, kidevu juu, taji juu. Kisha fahari ile ikaanza kushuka, kidogo kidogo, kutoka kwenye macho, kisha kwenye mashavu, kisha kwenye mabega, na akabaki mwanamke mzee anayeelewa alichofanya.

Hapo ndipo nilipomchukia. Ila sidumu na chuki, na sidhani kama na wewe utadumu nayo.

Nje, kwenye ngazi za kasri, walisimama wote wawili bila kutazamana.

"Neno lilikuwa mdomoni, mwanangu," alisema. "Angalinyamaza tu yule."

"Najua, mama."

"Sikuweza kumwachia alimalizie yeye. Wewe wangu."

"Najua."

Hakuwa na hasira naye. Huo ndio ukweli, na unanishangaza mpaka leo. Alikuwa amepigania kichwa chake kwa uongo wa kila aina, na alipomwona mama yake akimrukia Waziri wa Vita kwa ajili yake, kitu fulani kifuani kwake kilikaa sawa kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo. Alimwinamia, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba asiogope. Njia ya magharibi ni ndefu, ina misitu, ina njia panda nyingi. Waziri anayesafiri peke yake anaweza kupotea. Akajikuta siku moja kwenye mashua ya kusini, ya kwenda Shaoxing.

Bi Ruan alielewa. Alimbana mkono.

"Nitatangulia nyumbani nikupikie," alinong'ona.

Nyuma yao mtu akakohoa kwa adabu. Alikuwa Towashi Que, amesimama na amri nyingine mkononi, na pembeni yake wanawake wawili wa kasri wenye funguo kiunoni.

"Kuna kipande kidogo cha mwisho," alisema. "Mfalme amempenda sana mama. Anataka akae hapa kasrini, chumba cha ndani, mpaka Waziri arudi. Waziri akirudi na waasi wakiwa wameondoka, mama atatoka kwa lango la mbele, na tarumbeta."

Wale wanawake wakamshika Bi Ruan, kila mmoja mkono wake, kwa upole mkubwa. Vito vya taji vikalia.

"Na nisiporudi?" aliuliza Pang.

Que aliikunja amri, taratibu, akaiingiza kwenye mkono wa joho lake.

"Hapo Mfalme aliacha sentensi katikati, Mheshimiwa. Alisema wewe ni msomi, utaimalizia mwenyewe."